Maji Yaliyomkataa Achamma

Achamma alikuja mwezi wa sita, na mtu mwenye akili zake haji Sohar, huku Oman, mwezi wa sita. Watu huja Novemba. Wanakuta upepo mzuri, wanakaa roshani jioni na chai yao, wanaambiana kumbe Ghuba yenyewe ndiyo hii, mbona tulitishwa bure. Joto linawaingia polepole, kama kiazi kilichotiwa kwenye maji ya baridi ndipo moto ukawashwa. Achamma yeye alidondoshwa kwenye sufuria inayotokota.

Halikuwa kosa lake. Achamma ni mama yake baba, ndivyo sisi Wamalayali, watu wa Kerala huko India, tunavyomwita bibi wa upande huo, na babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alisema hatoki Kerala mpaka ibada ya mwaka ya marehemu ifanyike. Ikafanyika, mvua zikaanza, paa la jikoni likavuja, na Baba hakutaka kusikia kwamba mama yake analala peke yake kwenye lile jumba na sufuria chini ya kila tundu. Akamkatia tiketi ya kwenda na kurudi. Makubaliano yalikuwa aje aonje. Akipaweza, Baba ataanza kumshughulikia kibali cha kukaa. Asipopaweza, ndege yake ni mwisho wa mwezi wa saba, arudi kwake, na hakuna wa kumlaumu.

Mimi nilitaka apaweze. Nilitaka kuliko Baba, na sikumwambia mtu. Mimi siongei. Shuleni wananiita Bubu, na mwalimu wa hesabu aliwahi kuniuliza kwa mikono kama nimeelewa. Maneno ninayo, tena mengi, ila yakifika kooni yanaanza kupishana mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, mpaka aliyeniuliza ameshaondoka. Kwa Achamma hayapishani. Tulipokuwa tunakwenda likizo Kerala nilikuwa naongea naye toka asubuhi mpaka ananiambia, mole, meza mate basi. Mole ni binti, ndivyo anavyoniita. Nikajisemea akikaa hapa nitakuwa na mtu wa kuongea naye mwaka mzima, sio wiki mbili.

Kutoka uwanja wa ndege wa Maskati mpaka kwetu ni mwendo wa saa mbili na ushee, na Baba hakunyamaza njia nzima. Ana miaka ishirini hapa, ushauri umemjaa mpaka shingoni. Alimwambia Achamma asitoke nje kuanzia saa tano mpaka jua lipoe. Anywe maji kabla hajasikia kiu, kwa sababu kiu ya huku inachelewa, ikifika inakukuta umeshaanguka. Uji wa mchele atie chumvi kuliko kawaida. Mlango wa gari aushike kwa ncha ya sari, na miwani asiiache garini, yeye aliiacha siku moja akaikuta imejikunja kama papadi kwenye mafuta. Akienda madukani achukue shali, maana wageni wengi hawaumwi na joto, wanaumwa na baridi ya kiyoyozi. Mama, aliyekaa mbele, akaongezea kuhusu mafuta ya nazi, kwamba asijipake mengi kichwani akitoka, atakaangwa.

Achamma alikuwa anayumbisha kichwa kulia na kushoto, hivi tunavyoyumbisha sisi, na maana yake inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa nimesikia, inaweza kuwa basi, imetosha.

Hakuna aliyemwambia kuhusu bomba. Sio kwamba tulisahau. Kusahau ni pale kitu kilipokuwa kichwani kikatoka. Hiki hakikuwa kichwani kwetu, kilikuwa mikononi.

Matangi yetu yako juu ya paa, na kiangazi jua linayapika kutwa. Ukifungua bomba la bluu, lile la baridi, yanatoka maji ya kuchemshia yai. Kwa hiyo mwezi wa tano kila nyumba inazima hita ya bafuni. Hita iko ndani, kivulini, na maji yanayokaa ndani yake bila kuwashwa yanapoa. Basi kiangazi chote tunaoga bomba jekundu. Jekundu ndiyo baridi, bluu ndiyo moto, mpaka Oktoba. Mimi nimezaliwa hapa, sijawahi kuliwaza hili hata siku moja. Mkono unakwenda wenyewe.

Na Achamma alikuja na ushauri wake mwingine kutoka nyumbani. Jirani yake Tankamma, ambaye binti yake yuko Dubai, alikaa huko Januari nzima, na akarudi kijijini amekuwa mwalimu wa Ghuba. Alimwambia Achamma bafuni kuna mabomba mawili, la bluu ni baridi, jekundu ni moto, jekundu asiliguse, watu wanaungua.

Asubuhi ya kwanza Achamma akaingia bafuni, akafungua la bluu, akatia mkono. Akaurudisha upesi. Haya yote alinisimulia baadaye. Alisema alisimama pale akiliangalia lile jekundu, akajiambia, kama hii ndiyo baridi yao, hiyo nyingine si itanichuna ngozi?

Sasa lazima nieleze kitu kimoja. Achamma hawashi taa ya ibada kabla hajaoga. Kwake anaoga alfajiri, maji ya kisima, ndoo juu ya ndoo, wapita njia wanasikia, halafu nywele bado zinachuruzika anawasha taa mbele ya picha za miungu, halafu ndipo siku inaanza. Asipooga hawashi, na asipowasha ni kama siku haijaanza. Na kuoga kwake sio kujipangusa. Ni kujimwagia.

Sisi tulichoona ni bibi anayenyauka. Aliniomba mimi niwe nawasha taa, akasema magoti hayamruhusu kuinama. Akawa anakaa pembeni kabisa ya kochi, mbali na watu. Hapiki. Haulizi habari za majirani, yeye ambaye kijijini anajua nani kanunua samaki gani. Kila akitoka bafuni alikuwa na kitambaa kibichi mkononi na nywele kavu, na mimi niliyaona yote mawili nisiyaunganishe.

Siku moja tumekaa wawili, likizo yetu ya shule huku ni kiangazi kwa hiyo nilikuwa naye kutwa, nikamuuliza ana nini. Akanijibu kwa sauti ya kuazima.

"Maji ya huku yananikataa, mole."

Nikampelekea Baba ujumbe. Baba akafurahi sana, kwa sababu tatizo lenyewe limejulikana na yeye ana dawa. Akanunua yale madumu makubwa ya maji ya kunywa, akayapandisha kwa lifti moja moja. Achamma akanywa, akashukuru, hakuna kilichobadilika. Baba akabadilisha aina. Halafu akasema bila shaka ni ladha, akaagiza kwenye duka la Wamalayali vile vipande vya mti mwekundu tunavyochemshia maji nyumbani, jagi zima likawa la waridi. Achamma akanywa. Mama akachemsha mengine na bizari nyembamba. Achamma akanywa na hayo. Akawa anakwenda chooni kila saa, maskini, na maji bado yanamkataa.

Alijaribu na yeye kujisaidia. Kila jioni alijaza ndoo maji ya bluu akaiacha bafuni ipoe, ili asubuhi aoge. Ilikuwa akili nzuri tu. Ila Mama ni nesi, mwezi ule alikuwa zamu ya jioni, na akirudi hawezi kulala kabla hajapiga deki. Akaingia bafuni akakuta ndoo imejaa. Akapigia deki. Kesho yake tena kaikuta. Akapigia deki. Alfajiri Achamma anakuta ndoo tupu, imepinduliwa, kitambaa cha deki kimetandikwa juu yake. Siku ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Baada ya hapo hakudhani hivyo tena. Aliacha kujaza.

Wiki ile ile, siku Mama hana zamu, tukiwa mezani akasema atarudi na ndege yake. Alisema vizuri, bila ugomvi, kwamba ameona, ameshukuru, ila mtu mzima akae mahali anapojua mlango uko wapi. Baba alikuwa anakoroga wali kwa vidole, akaendelea kukoroga. Akasema sawa, Amma, ndivyo anavyomwita mama yake, kama ulivyosema. Mama aliosha vyombo usiku ule kama anayevipiga. Mimi nikaenda kulala mapema, nikageukia ukutani, kwa sababu Achamma analala kitanda cha pili na sikutaka anione.

Tende ndizo zilizogeuza mambo. Ulikuwa msimu wa tende mbichi, na Mama Hamad wa mlango wa pili alituletea sinia. Mama Hamad ni Mwomani, watoto wake wamekua wakahama, mumewe ana mitende huko mashambani. Sinia la watu halirudishwi tupu, hilo Achamma halihitaji kufundishwa na mtu. Kwa mara ya kwanza toka aje akaingia jikoni. Akakaanga vile vitumbua vyetu vya ndizi na sukari guru, akavipanga kwenye sinia, akavaa sari yake nyeupe yenye pindo la dhahabu, akasema twende, wewe ndiye utakayetafsiri.

Mimi nitafsiri. Kiarabu nakijua, nimekua nacho, lakini kukijua ni jambo moja na kukitoa mdomoni ni jambo lingine. Nilimfuata nikiwa nimebeba sinia.

Mama Hamad alifurahi mpaka akamshika Achamma mashavu. Tukakaa chini kwenye zulia. Akaleta matunda, akaleta halua, akaleta birika la kahawa na vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Akammiminia Achamma, Achamma akanywa. Akammiminia cha pili, akanywa. Cha tatu, Achamma akayumbisha kichwa kulia na kushoto, yaani basi, imetosha. Mama Hamad akamimina.

Kwa Waomani kahawa haikataliwi kwa kichwa. Unakitikisa kikombe kidogo ukiwa umekishika, na mwenye birika anaelewa. Usipokitikisa atamimina mpaka birika likauke, halafu atachemsha lingine. Achamma alikuwa anatikisa kichwa badala ya kikombe, na kila akitikisa anamiminiwa, na kwa kuwa kumwacha mwenyeji na kahawa yake mkononi ni utovu wa adabu, anakunywa. Macho yalikuwa yameanza kumtoka. Mimi najua kabisa cha kumwambia, na maneno yako kooni yanapishana. Mwishowe nikamshika mkono na kuutikisa mimi. Kahawa ikamwagika zuliani.

Mama Hamad akacheka, akaniambia, "Anagha, mwanangu, ungesema tu. Nilianza kufikiri kwao hawajapata kuona kahawa."

Nikamfasiria Achamma. Akashika kifua akasema moyo unamwenda kama mashine ya cherehani, na kumbe dawa ilikuwa kutikisa kikombe. Lakini alisema huku mdomo umemcheza kidogo, na sikuwa nimeuona ukicheza siku nyingi.

Halafu ikaja shida ya mikono. Halua inaliwa kwa vidole, na Achamma hakuona haya kuila, halua ilimfika mpaka kwenye bangili. Mama Hamad akamwonyesha sinki liko pale kwenye ukumbi, akanawe. Achamma hakuinuka. Akachukua ncha ya ile sari nyeupe, ambayo nyumbani hata sisi haturuhusiwi kuigusa, akaanza kupangusia halua. Mama Hamad akamwelekeza tena. Achamma akaficha mikono mapajani.

Nikamwona Mama Hamad amebadilika uso. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sinki lake lina uchafu, au kama kwa dini yao bibi haruhusiwi kunawa nyumbani kwake, maana kama ni hivyo aambiwe tu, hatachukia. Lakini alikuwa ameshaanza kuchukia. Nikageuka.

"Achamma, kwa nini hunawi?"

"Mwambie mikono yangu misafi."

"Ina halua, Achamma. Na yeye anaona. Anadhani unamdharau."

Hilo lilimgusa. Akaangalia chini, halafu akavuta bangili juu akaniwekea mkono wake mbele. Kwenye kifundo ngozi ilikuwa nyekundu, inabambuka. Akasema, "Mwambie simdharau. Mwambie maji ya huku mimi siyawezi. Nyie mmezoea, ngozi zenu zimeshakuwa za Ghuba. Mimi nimeungua ya kutosha, mole."

Nikatafsiri kama alivyosema. Mama Hamad akautazama ule mkono, akautazama uso wa Achamma, akaniuliza neno moja tu, kama daktari.

"Anafungua lipi?"

Nikaanza kumtafsiria Achamma, nikafika katikati, nikakwama. Safari hii sio kwa aibu. Nilikuwa nimeona ndoo, kitambaa, nywele kavu, madumu ya Baba, yote kwa mara moja.

"Achamma. Bafuni unafungua bomba lipi?"

"La bluu. La baridi. Ulitaka nifungue jekundu nife?"

Sikuhitaji kutafsiri. Mama Hamad alikuwa ananitazama mimi. Nilipomwambia ni la bluu, akajipiga paja, akasema, "Mnampika mama wa watu, na mnamletea maji ya kunywa." Nilikuwa sijamwambia habari ya maji ya kunywa. Kumbe jengo zima lilikuwa linamwona Baba na madumu yake kwenye lifti.

Akamshika Achamma mkono akamwinua. Achamma akawa anarudi nyuma kama mbuzi anayepelekwa mtoni. Mama Hamad akafungua jekundu, akaweka mkono wake mwenyewe kwanza, akauacha pale, akimwangalia. Achamma akagusa kwa kidole kimoja. Halafu viwili. Halafu kiganja. Halafu akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akabadilisha mwingine, akainama akajimwagia uso, shingo, na pindo la dhahabu likalowa lote. Maji hayakuwa baridi ya kisima, yalikuwa ya uvuguvugu wa kupoa tu. Lakini alikuwa anahema kama mtu aliyefika.

Bado ameinama hivyo hivyo, akaniuliza, "Baba yako analijua hili?"

"Analijua, Achamma. Sote tunalijua."

"Toka lini?"

"Sijui. Toka zamani. Toka sijazaliwa."

Akafunga bomba. Akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Mimi nilidhani mwanangu anaoga lile la bluu," akasema. "Miaka ishirini. Nikasema ndiyo maana kwenye simu hasemi kitu, anasema mzima tu, mzima tu. Nikasema nitaanzaje kumlalamikia."

Mama Hamad akaniuliza bibi anasema nini. Nikamwambia. Safari hii nilisema yote, kwa Kiarabu, hadharani, bila kusimama, na nilipomaliza Mama Hamad alikuwa anatafuta ncha ya mtandio wake. Ndipo nikaelewa kwa nini Achamma hakufungua mdomo siku zote zile. Mtu ambaye unaamini anaungua kwa ajili yako, paa lako ni yeye kaliezeka, mazishi ya mumeo ni yeye kayalipia, humwendei kumwambia nyumba yako ina joto. Unarudi kwako, unajifanya magoti yanauma.

Jioni alimngoja Baba mlangoni. Baba hajavua hata viatu, akaulizwa siku aliyokuja hapa mara ya kwanza alioga bomba gani. Akadhani ni kichaa cha joto, akamwambia akae chini anywe maji. Achamma akasema akisikia tena neno maji ya kunywa atamchapa. Ikabidi mimi nieleze. Baba akasimama na kiatu kimoja mkononi. Kwanza alicheka, akacheka vibaya, akajiegemeza ukutani. Halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Kunjumon aliniambia," akasema. "Yule wa Trishur niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Nilioga la bluu siku moja tu, Amma. Aliposikia napiga kelele akaja akanionyesha."

"Hiyo siku moja mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenirudisha."

"Ningekurudisha," Achamma akasema.

Halafu Achamma akamchapa kweli, kwa ncha ya sari, begani, na ilikuwa bado mbichi. Akamwambia ana miaka ishirini ya ushauri, ameweza kumweleza habari ya miwani kujikunja, ameweza kumweleza habari ya kushika mlango wa gari, na mahali mtu anapovua nguo akamwacha aongozwe na Tankamma.

Usiku Mama alirudi, akatukuta bado kwenye hayo hayo. Ilipofika sehemu ya ndoo akafunika mdomo. Akasema hapana, hapana, Amma, mimi nilidhani unanitekea maji ya deki. Kumbe pale zahanati alikuwa anawaringia wenzake, kwamba nyie mnalia na mama wakwe, wa kwangu akiona nachelewa ananiandalia ndoo kabisa. Achamma akasema yeye naye alikuwa anawaza jambo, kwamba amewahi kusikia habari za wakwe wanaofukuza kwa matusi, wengine kwa kunyima chakula, lakini wa kwake anafukuza kwa deki, tena kwa adabu, mpaka kitambaa anakitandika. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa akaona bora alie, akalia kidogo, akafuta macho, akaenda kupasha chakula.

Habari ya ndege hakuna aliyeigusa. Baba alikuwa anamtazama mama yake kwa pembe ya jicho kila akimeza tonge, na mimi namtazama Baba. Wakala alikuwa amesema atapiga asubuhi kuthibitisha kiti.

Alfajiri niliamshwa na ndoo. Sio sauti ya mtu anayeoga, sauti ya mtu anayeosha lori. Inajaa, inamwagwa, anavuta pumzi, anataja miungu mmoja mmoja kwa jina, inajaa tena. Nikalala chali nikisikiliza. Baadaye akapita chumbani nywele zinadondosha maji sakafuni, akaenda kwenye picha, akawasha taa mwenyewe. Aliinama vizuri tu. Magoti hayakuwa na neno.

Shida ni kwamba hita yetu ni ndogo. Inatosha watu wanne wakioga kwa nidhamu. Mtu mmoja akioga kama yuko kisimani, yale yaliyopoa yanakwisha yote, na yanayoingia badala yake yanatoka moja kwa moja kwenye tangi. Hilo nalo hakuna aliyemwambia Achamma, na siku ile Mama alikuwa amebadilishiwa zamu, anaingia asubuhi. Akaingia bafuni, akafungua jekundu kwa imani yake yote.

Jengo zima lilimsikia. Akatoka na taulo, sabuni usoni, bega moja limekuwa jekundu, akauliza nani amemaliza maji. Achamma yuko mbele ya taa anajipaka nywele mafuta ya nazi, akasema maji ni ya Mungu, hayamalizwi na mtu. Mama akasema ya Mungu ni yale ya paani, haya ya kwenye hita ni ya familia, na kuanzia leo kila mtu ni ndoo moja. Achamma akasema ndoo moja ni ya kunawia miguu. Mama akasema moja na nusu, tena kwa heshima ya umri. Achamma akasema na anayekwenda kwa Mungu atangulie. Mama akasema anayekwenda kwa wagonjwa ndiye atangulie, Mungu yuko hapahapa, haingii kazini saa moja.

Simu ya Baba ikalia katikati ya hayo. Ni wakala. Baba akaiziba kwa kiganja, akasimama mlangoni hajui aingilie wapi, akauliza polepole kwamba jamaa anataka kujua, kiti cha mwisho wa mwezi akithibitishe au vipi.

"Mwambie akifute," Achamma akasema, wala hakugeuka, mafuta yanamchuruzika mkononi, na akaendelea kumweleza Mama kwamba mtu anayejijua anaingia kazini saa moja anaamka saa kumi, hamngoji mzee amalize ndipo aanze kupiga kelele.